Kiraka Kisichojibiwa

Mjukuu wangu Seif,

Asalaam aleikum. Huku Kibiti hatujambo. Mama yako kaenda Mbwera kuvuna mpunga, na goti la mama yangu limepoa. Usinicheke kujiita bibi. Nimekuzidi miaka michache tu, lakini ukoo ndio ulionipa cheo.

Umeuliza kama uache kazi hii ya kuandika programu, maana wakaguzi wako kimya tangu uwatumie kiraka chako cha msimbo, yale marekebisho uliyoyaandika.

Nilipoanza kazi, nilipewa ile sehemu ya kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta, inayobeba ujumbe baina ya programu. Kompyuta zilikuwa zikiganda: programu moja ilituma ujumbe, nyingine haikujibu, basi ya kwanza ikasubiri milele. Dawa sikuiona.

Nikaja nyumbani likizo. Mama akanituma kwa jirani na sahani ya vitumbua. Nikapiga hodi, kimya. Nikabaki pale pale mpaka Mama akanifuata.

"We mtoto, umeota mizizi? Hodi tatu, kimya, unarudi zako!"

"Labda hataki kuniona."

"Akukatae ana nini? Yuko bondeni anaamia ndege wasile mpunga. Utakuja tena."

Niliporudi kazini nikaandika hivyo: programu isubiri kwa muda, ikikosa jibu ifanye mengine, kisha ijaribu tena. Kuganda kukakoma.

Wakaguzi wana mengi, Seif. Kiraka chako nimekisoma. Kuna mstari mmoja haurudishi nafasi ulizoazima kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Urekebishe, ukitume tena. Kuna watu mashine zao zinagandia hapo hapo ulipopatibu.

Bibi yako,
Mwanahawa