Kitabu Kilichotekwa Mnadani Kitangari

MAELEZO YA SHAHIDI

Yamechukuliwa katika kituo kidogo cha polisi, Kitangari, Jimbo la Kusini, Jumamosi tarehe 21 Septemba 1957, kuanzia saa 8.10 mchana.

Jina: Reginald Bartholomayo
Umri: miaka 54
Kabila: Mmakua
Dini: Mkristo
Kazi: mwalimu mstaafu
Makazi: Mkomaindo, Masasi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nitasema kweli, na kweli yenyewe inaanza na kosa langu mwenyewe.

Ninakusanya vitabu vya zamani vya historia. Nilianza mwaka 1951 kule Nachingwea, Wazungu wa mradi wa karanga walipofunga virago na vyombo vyao vikanadiwa. Wenzangu walinunua mabati na vitanda vya chuma, mimi nikanunua kitabu kisicho na jalada. Tangu hapo hakuna mnada ulionipita kutoka Lindi hadi Newala. Sasa ninavyo kumi na moja, viko ndani ya sanduku la bati nililoliweka juu ya mawe manne kwa sababu ya mchwa. Mke wangu, Mama Ethel, husema nyumba ikishika moto yeye ataokolewa wa kumi na mbili. Si kweli. Sajini anayeniandikia ameniambia nirudi kwenye shauri.

Jana tarehe 20 niliondoka Masasi kwa lori pamoja na Silvesta Majaliwa, Mngoni, fundi wa baiskeli wa Mkomaindo. Yeye alifuata spana, mimi nilifuata vitabu. Tulilala Newala, na leo saa 2.40 asubuhi tulifika hapa Kitangari, kwenye nyumba ya marehemu mzungu aliyekuwa akinunua korosho, ambaye vitu vyake vilikuwa vinanadiwa. Dalali alikuwa Bwana Nurdini wa Lindi.

Hapa lazima nieleze jambo kwa faida ya konstebo aliyemkamata Silvesta, kwa kuwa ana wiki mbili tu tangu atoke Bukoba. Mwaka 1882 Wangoni walivamia Masasi, wakachoma nyumba na kuteka watu. Leo wajukuu wao na sisi ni watani. Mtani akichukua kitu chako mbele za watu, hukasiriki wala huendi polisi. Unamtukana, watu wanacheka, kisha unakikomboa kwa atakachotaka yeye. Usipokikomboa, ni chake. Kwa miaka kumi na tisa Silvesta ameteka kuku wangu, kofia yangu, na suruali yangu ya kanisani ikiwa bado mbichi kwenye kamba. Nami alipofiwa na mama yake nililala ndani ya kaburi, nikakataa kutoka mpaka wanipe mbuzi. Walinipa. Kisha nikatoka nikalia naye, kwa sababu mama yule alikuwa akinipikia.

Kabla ya mnada tuliruhusiwa kukagua vitu. Kwenye meza ya tatu nilikuta kitabu cha Kiingereza, ngozi ya kahawia, kurasa 310, kimechapwa London mwaka 1885. Mwandishi ni mzungu aliyepita nchi hizi za Ruvuma baada ya vita ile. Mende wamekula kurasa mbili za mwisho, basi. Ukurasa wa 211 una orodha ya mateka waliokombolewa kwa Wangoni, pamoja na bei yao. Mstari wa tisa unasema: Somoe, mwanamke, na mtoto wake mchanga wa kiume, vitambaa viwili.

Somoe ni bibi yangu. Mtoto yule mchanga ni baba yangu.

Bibi alitusimulia habari ile mara nyingi, pamoja na idadi ya vitambaa. Tulicheka, kwa kuwa alidai pia kwamba aliwahi kumpiga simba kwa mchi. Alifariki mwaka 1923 bila hata mmoja wetu kumwamini. Leo niliposoma mstari ule niliurudia mara mbili kwa kidole. Nilifurahi sana, na hapo hapo nikaona haya. Nilishindwa kunyamaza, nikamsomea Silvesta kwa Kiswahili. Yeye hajui Kiingereza.

Silvesta alishika kichwa akapiga kelele, "Vitambaa viwili kwa watu wawili? Babu zangu walipunjwa!"

Saa 4.10 kitabu kilinadiwa. Bwana mmoja wa Nachingwea alikitaka kwa sababu ya ngozi yake, sikumwona akikifungua. Tulipandishiana bei. Aliponyamaza, dalali aligonga meza mara ya kwanza, mara ya pili, na kabla ya mara ya tatu niliweza kusali Baba Yetu nusu. Akagonga. Nililipa shilingi arobaini nikapewa stakabadhi namba 17, ninayo hapa. Kwa hiyo saa 4.25 kitabu kilikuwa changu, wala hakikuwa tena cha mnada.

Nilipokuwa ninaikunja stakabadhi, Silvesta alikinyakua kitabu mezani akakiinua juu. Akasema, "Jamani, ukoo mzima wa Mwalimu umetoka kwa vitambaa viwili! Leo nimemteka bibi yake upya!" Akakimbia nacho kuelekea barabarani.

Mdomo wangu huu ukajibu kama mtani anavyotakiwa kujibu. Nilisema, "Mwizi! Wangoni wote wezi tangu huko walikotoka! Askari, mkamate huyo, mfunge, ale ugali wa serikali!"

Watu walivunjika mbavu. Konstebo peke yake hakucheka. Alitoka mbio na buti zake akamkamata Silvesta penye mikorosho, naye amekaa chini kwa kicheko. Akamuuliza kama ameiba. Silvesta akamjibu, "Sijaiba, nimeteka. Nikitoka nitateka tena." Maneno hayo yakaandikwa kuwa ndiyo kukiri kwake. Simlaumu konstebo. Ni kijana mwenye adabu, aliniamkia shikamoo akanipa kiti. Mimi ndiye niliyemtuma.

Niliendelea kucheka hadi saa 6.30, nilipoambiwa kwamba lori la saa 10 jioni litampeleka Silvesta rumande Newala, asimame mahakamani Jumatatu. Hapo kicheko kilikatika. Rafiki yangu hajawahi kulala mahabusu hata siku moja, na leo angelala kwa ajili ya ulimi wangu.

Sajini amenieleza waziwazi njia mbili. Nikisema kitabu kimechukuliwa bila ridhaa yangu, nitarudishiwa baada ya kesi, na Silvesta atapanda lori. Nikisema kimechukuliwa kwa haki ya utani, hakuna kesi, lakini kitabu atakabidhiwa Silvesta, kwa kuwa mimi mwenyewe nimeeleza kwamba mtani hanyang'anywi. Nimeomba nitoke nje kidogo. Nimezunguka kituo mara tatu. Jina la bibi yangu halijaandikwa mahali pengine popote duniani, hata kaburini kwake mti wa msalaba uliliwa na mchwa. Nakitaka kitabu kile kuliko vile kumi na moja nikivijumlisha. Nasema hivyo bila haya.

Basi andika, Sajini: hapakuwa na mwizi. Silvesta Majaliwa alikichukua kwa haki yake.

Sajini ameyaandika. Kisha amenikubalia nikamuulize Silvesta dirishani anataka nini ili nikikomboe. Nilitegemea aseme mbuzi wawili, au hilo sanduku langu zima, maana namfahamu. Safari hii hakutania. Akasema, "Nisomee, Mwalimu. Chote. Kwangu hakuna mzee aliyebaki wa kunieleza siku zile. Na penye aibu ya babu zangu usiruke."

Nilimwambia, "Na penye aibu ya babu zangu je?"

Akasema, "Hapo soma mara mbili."

Nimekubali. Machozi yamenitoka mbele ya askari watatu na sijali.

Nimesomewa maneno haya yote na Sajini, nami nayakubali kuwa ni yangu, hata yale ya kunitia aibu.

(Sahihi) Reginald Bartholomayo

Maandishi ya ofisa: Mimi, Sajini Bwanali Hamisi, nimeandika maelezo haya kwa Kiswahili kama yalivyosemwa, isipokuwa habari za mchwa ambazo nimezipunguza. Saa 9.05 alasiri nimemwachia Silvesta Majaliwa na kumkabidhi kitabu. Yeye na shahidi wamekaa barazani hapa kituoni, na shahidi ameanza kusoma kwa sauti. Saa 9.30 nimewaambia waende kwao. Wamesema mpaka mwisho wa sura. Saa 10.00 lori limefika na kuondoka bila mahabusu. Nimetoka tena kuwafukuza, nikamkuta konstebo amekaa katikati yao anauliza Somoe alikuwa nani. Nimevuta kiti.