Kamba za Ng'ombe wa Mama

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo, na mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, nimenenepa kwa kukaa kitini.

Juzi uliniuliza kwenye simu hiyo chanjo mpya ina nini, salio likaisha. Ni hivi. Ile chanjo yetu ya zamani ya vinasaba ilifanya vizuri kwa panya, kwa ng'ombe ikawa butu. Inaingia mwilini inapotea. Hii mpya tumeiwekea anwani: inakwenda moja kwa moja kwenye zile seli za ulinzi zinazomkamata adui na kuwaonyesha askari wengine sura yake.

Hereni za masikio zimechelewa, ndiyo maana siku ya kuchoma sindano daktari wa mifugo aliwafunga ng'ombe wako kamba shingoni, nusu nyekundu, nusu buluu. Rangi moja ni chanjo mpya, nyingine ya zamani. Ipi ni ipi hata mimi sijaambiwa, nisije nikapendelea. Siri anayo mkuu wangu wa maabara.

Asante kwa kutuachia zizi lako.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, unanisumbua nami naulaumu, tumezoeana. Daktari wenu mpole, ila yule ng'ombe wangu Bibi Harusi alimkanyaga mguu, na nadhani alikusudia.

Nikuambie ukweli, naogopa. Ugonjwa wa mapafu mnaouchanjia umeshaanza ng'ambo ya mto. Ule wa mwaka aliofariki baba yako ulituachia zizi tupu, nami siwezi kuanza upya kwa umri huu. Hiyo anwani yenu iwe ya kweli.

Mama yako

2 Juni

Mama,

Shikamoo. Pole kwa kuuguza ng'ombe. Daktari anasema waliougua wanapata nafuu, nashukuru sana.

Lakini huku mambo si mazuri. Tumepata taarifa za zizi lako: wagonjwa wako pande zote mbili, wa nyekundu na wa buluu, karibu sawasawa. Mkuu anasema anwani haikusaidia kitu. Mwisho wa mwezi anafunga mradi. Mama, nimelia chooni kama mtoto. Nisamehe kwa kukupa matumaini hewa.

Mwanao

6 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Unakula lakini? Na kama ni kulia, lilia chumbani kwako, chooni kuna foleni.

Sasa sikiliza, na usinipigie kelele. Zile kamba nilizivua siku ya kuwaogesha dawa ya kupe. Wakati wa kuzirudisha nikaona nyekundu inawapendeza wale weusi, na buluu inawakaa vizuri weupe. Nikawafunga hivyo. Nilidhani mkishachoma, kazi ya kamba imekwisha. Mimi kumjua ng'ombe wangu sihitaji kamba!

Nani alikuwa na rangi gani mwanzo sikumbuki, nisikudanganye. Usiku silali kwa kuwaza kwamba nimekuharibia.

Mama yako

20 Juni

Mama wewe!

Shikamoo. Nilikasirika, nikacheka, nikakasirika tena. Nilimpelekea mkuu barua yako, akakunja uso, akasema basi zizi hilo tulitupe, halina maana tena. Nikampigia daktari kumuuliza kama kuna chochote alichobaki nacho. Kumbe alimpiga kila ng'ombe picha na kamba yake, dakika ile ile ya sindano. Tukakaa watu watatu, tukalinganisha picha na wale waliougua, doa kwa doa, pembe kwa pembe, kisha mkuu akaitoa siri ya rangi.

Waliougua wote ni wa chanjo ya zamani. Wenye anwani hata mmoja hakukohoa.

Mradi haufungwi! Ila zizi moja halitoshi, hasa zizi lenye mama mpenda urembo. Inabidi turudie kwenye mazizi mengine, na wafugaji wengi huko wanatukataa. Hapo sijui tutafanyaje.

Mwanao

1 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Wote wazima, nami mzima kuliko wote. Barua yako niliisomea zizini, nikakaa chini palepale kwenye samadi.

Nimepita kwa majirani nyumba hadi nyumba, mpaka ng'ambo ya mto. Nimewaambia yote, hata la kamba, wamenicheka hadi basi. Kisha wakaja kuwatazama ng'ombe wangu, na kicheko kikaisha, maana wao wamezika wengi. Wamekubali, mje.

Mmoja akauliza, dawa hii katengeneza nani? Nikamjibu, mwanangu. Najua mko wengi huko, ila hao wengine sikuwazaa mimi.

Mama yako