Jiwe la Kamba Nyeusi

Kyoto, Jumatatu

Sayo mdogo wangu,

Hujambo? Sisi tupo. Mvua imezidi, msonobari umeingiwa na wadudu, na paka amezaa ndani ya kofia ya Baba.

Jiwe nalo bado lipo. Lile dogo ambalo Baba alilifunga kamba nyeusi, akaliweka kwenye njia ya chumba chako siku ulipoolewa na mpiga picha wako. Miaka tisa sasa, kila mgeni akiliona anajua njia imefungwa, anageuka kwa adabu. Paka tu ndiye anayelivuka.

Jana nilimkuta Baba amelipigia magoti, anahangaika na fundo.

“Nikusaidie, Baba?”

“Ulilifunga wewe?”

“Hapana.”

“Basi kafagie majani.”

Nikafagia majani yale yale mara tatu, jicho kwake. Fundo halikulegea. Mwishowe akasema, akiliambia jiwe wala si mimi, “Yule msichana ana vidole vyembamba.”

Tangu uondoke alikuwa hajakutaja, hata kwa kuzunguka hivyo.

Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika. Ijumaa asubuhi tunampeleka hospitali kupasuliwa moyo. Daktari alinieleza huku akitazama viatu vyake.

Njoo Alhamisi. Mkasi ninao, lakini sitaugusa. Ukifika usingoje kukaribishwa. Nenda moja kwa moja kwenye jiwe, upige magoti, ulifungue. Yeye atakuwa dirishani, akijifanya amelala.

Kaka yako anayefagia,
Tokuji