Kata Iliyokuwa Karibu na Nguzo

Seminari Kuu, Uganda
7 Machi 1965

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi sijambo, ila kikohozi cha vumbi. Natumai wewe na mama hamjambo huko Angurai, na Nyanya Amoit bado anafukuza kuku kwa fimbo yake. Mwambie ninamkumbuka, hata kama atajibu kwamba kukumbukwa hakushibishi.

Mwaka huu wa mwisho tuna padre anayetufundisha jinsi binadamu anavyojua. Utacheka, kumbe hilo nalo lina mwalimu. Anasema kutazama si kujua. Nilimwelewa nilipokumbuka mnada wa ng'ombe wa huko kwetu. Macho yanakupa pembe na ngozi. Kisha akili inauliza: ana mimba? Anakohoa? Mbona mwenyewe anamuuza? Maswali yanayohusika yakiisha kujibiwa, ndipo unasema ndiyo, na hapo ndipo umejua. Anayenunua kwa macho tu hurudi nyumbani na mgonjwa.

Anasema pia kwamba mengi tunayajua kwa neno la mwingine. Kwamba wewe ni baba yangu nimejua kwa neno la mama. Usikasirike. Imani nayo, anasema, ni kulipokea neno la Mungu anayejua, na swali la kweli si dhambi, ni njaa aliyotutia Mungu mwenyewe. Lakini nikisali siku hizi naogopa. Kila nikisema "nasadiki", kitu ndani yangu kinauliza, umejuaje?

Jambo dogo la mwisho. Desemba, Mungu akipenda, nitapewa upadre. Cheti changu kinasema nilibatizwa nyumbani na katekista, katika hatari ya kufa. Katekista huyo ni wewe. Padre Mkuu wa seminari anataka mistari miwili kwa mkono wako: kwamba yalikuwa maji, na yalitiririka kichwani.

Mwanao,
Petro Ochom


Angurai
28 Machi 1965

Mwanangu Ochom,

Milele, amina. Sisi tu wazima, mvua imeanza, shambani tumepanda wimbi. Barua yako niliichukua Malaba dukani kwa Mutwalibu kama kawaida. Mama yako Roselida amecheka siku mbili kwa hayo uliyosema juu ya baba. Mimi sikucheka.

Huyo padre wenu wa kujua simwelewi. Nimefundisha katekisimu karibu miaka thelathini. Kila swali lina jibu lake chini yake, limepigwa chapa. Mtoto akiniuliza swali lisiloandikwa, namtuma akachote maji. Hapa kwetu altare imegeuzwa na padre sasa anatutazama wakati wa Misa, mambo ni mengi tayari, usiyaongeze.

Hiyo mistari miwili nitaiandika. Sasa hivi wino umeisha.

Baba yako,
Emojong


Seminari Kuu
19 Aprili 1965, Jumatatu ya Pasaka

Baba mpendwa,

Heri ya Pasaka kwako, kwa mama na kwa Nyanya. Afya yangu ni njema.

Umesema wino umeisha, na hayo umeyaandika kwa wino. Wewe humwandikia padre ukurasa mzima kwa sababu ya kengele iliyopasuka. Mistari miwili imekushinda nini? Nimejaribu kuliacha swali hili, haliniachi. Padre Mkuu ameniuliza mara mbili, na mara ya pili nilishindwa kumtazama usoni. Baba, naogopa, na sijui ninachokiogopa. Niambie.

Mwanao,
Ochom


Angurai
2 Mei 1965

Mwanangu,

Sijui nikusalimu vipi. Naandikia kanisani, mlango nimeufunga, mama yako hajui.

Ulikuwa na siku tisa. Mama yako alikuwa na homa, hajitambui. Asubuhi ile Nyanya alikupa jina kwa desturi yetu. Alichovya kidole katika ajono, pombe yetu ya wimbi, akakutia mdomoni akitaja majina ya wazee mmoja mmoja, ukanyonya alipotaja Ochom. Nilikuwa nimemkataza. Nikaenda shamba kwa hasira. Jua lilikuwa utosini aliponiita kwa kilio.

Nyumba ile haikuwa na dirisha. Ukitoka juani huoni hata kiganja chako. Nilikugusa, umekakamaa, sikusikia pumzi. Karibu na nguzo mguu wangu uligonga kata. Nikaiokota, nikakumwagia kichwani, nikasema maneno yote, nikakimbia kumwita padre. Njiani nikapangusa jasho, na mkono wangu ukanuka pombe.

Labda niligusana na Nyanya. Labda ndani ya kata mlikuwa na ajono iliyochujwa. Padre aliponiuliza, yalikuwa maji? nikasema ndiyo, akaandika kitabuni. Nilikuwa katekista wa mwaka wa kwanza, niliona aibu. Tuliporudi Nyanya alikuwa amekuweka kifuani pa mama yako, unanyonya, nami sikuweza tena kusema nimedanganya. Aibu ikaisha, woga ukabaki.

Pombe haibatizi. Hayo nawafundisha watu kila mwaka, na kila mwaka nikifika hapo napita upesi. Nilijifariji kwamba ukiwa mkulima kama mimi, Mungu atapita bila kutazama. Kisha ukataka upadre. Asiyebatizwa hapokei daraja la upadre, hata askofu amwekee mikono mara mia. Misa zako zitakuwa mkate tu, na watu wanaokufa watakuungamia bure. Mwenye kosa ni mimi. Miaka ishirini na saba naogopa, mwanangu, na leo naogopa zaidi.

Baba yako


Angurai
13 Juni 1965

Mwanangu,

Wiki sita. Salamu zako hazipo, habari za kikohozi hazipo. Mutwalibu amenichoka. Jana aliniambia, "Mwalimu, barua haiko. Ukikuja kila siku, hata posta itaogopa wewe." Mama yako ananiuliza kwa nini silali, namwambia ni mgongo.

Niandikie, hata kama ni kunilaani.

Baba


Seminari Kuu
27 Juni 1965

Baba,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumai mgongo umepata nafuu.

Sikuandika kwa sababu sikujua anayeandika ni nani, Petro au mtu asiye na jina kanisani. Wenzangu wanapokwenda kukomunika, mimi hubaki nimepiga magoti nyuma, wanadhani nina dhambi kubwa. Nilikukasirikia, nasema wazi. Kisha nikaenda kwa Padre Mkuu nikamwambia yote.

Hakupiga kelele. Akasema penye shaka Kanisa hubatiza kwa sharti, "kama hujabatizwa, nakubatiza," na madaraja madogo ya kuelekea upadre niliyokwisha pewa yatarudiwa vivyo hivyo. Lakini ikiwa kwa hakika ilikuwa pombe, mimi bado sijakuwa Mkristo. Nitaanza mwanzo kabisa, na Desemba haipo.

Halafu akauliza, nani mwingine alikuwa nyumbani? Nikamtaja Nyanya. Baba, umeogopa miaka ishirini na saba na hukumuuliza mtu aliyeijaza ile kata? Kila siku anakupikia uji.

Yule mwalimu wetu anasema mtu anaweza kulikimbia swali kwa kuogopa jibu, na hapo hata sala zake hujifunza kulizunguka. Nilipomsikia nilikuwaza wewe. Baadaye nikajiwaza mimi, maana nilimuuliza Mungu kila kitu isipokuwa kama ananitaka.

Muulize Nyanya. Jibu likiwa ni pombe, niandikie pombe.

Mwanao,
Ochom


Angurai
18 Julai 1965

Mwanangu Ochom,

Milele, amina. Tu wazima, namshukuru Mungu.

Nilizunguka siku tatu. Siku ya nne nilimkuta Nyanya akimenya njugu, nikaketi kwenye kigogo, nikamuuliza, mama, siku ile mtoto alipokuwa anakufa mikononi, katika kata mlikuwa na nini?

Akasema, "Ajono. Niliichuja mwenyewe."

Niliona giza. Nikawaza Desemba, nikakuwaza wewe umepiga magoti nyuma. Yeye akaendelea kumenya njugu zake. Akasema, "Ulimwaga pombe, ukakimbia. Nikasema, huyu Emojong woga umemtia wazimu. Si kila jioni unawafundisha watu katika ua wangu? Maji, si maziwa, si pombe. Padre akikosekana, hata mwanamke, hata asiyebatizwa, mradi ataka lile ambalo Kanisa linataka. Mimi napepeta wimbi, lakini masikio yangu hayapepeti. Mtoto alikuwa anakwenda. Nikachota maji kwenye mtungi wa mlangoni, nikamwaga, nikasema yale maneno yako."

Nikamwambia ayaseme. Akayasema, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, halikupungua hata moja. Maji yalitiririka? "Yalilowesha nguo yangu. Yalikuwa baridi, ndipo akalia. Pombe haikumliza." Ulikusudia nini, mama? "Nilikusudia ulichokusudia wewe. Nilikuwa namwogopa Mungu wako siku ile, nikaona heri kumpa anachokitaka."

Nilifanya kama yule mnunuzi wako wa ng'ombe. Nilimwacha siku mbili nikamuuliza tena kwa njia nyingine, mtungi ulikuwa wapi, alitumia mkono gani. Hakuyumba. Nikamuuliza mbona amenyamaza miaka yote. Akasema, "Hukuniuliza. Unachoniuliza mimi ni kama uji umeiva."

Nimeona haya, mwanangu. Nimemwombea aijue kweli tangu nikiwa kijana, na kweli niliyoihitaji ilikuwa kwake jikoni. Sasa Padre Mkuu aamue kama neno la kikongwe asiyebatizwa linatosha.

Baba yako,
Emojong


Seminari Kuu
15 Agosti 1965

Baba mpendwa,

Salamu kwenu nyote. Kikohozi kimekwisha.

Padre Mkuu alimsomea askofu barua yako. Wanamwamini Nyanya. Lakini shahidi ni mmoja na siku ni nyingi, kwa hiyo jana nilibatizwa kwa sharti, milango imefungwa, watu wanne tu. Niliinamisha kichwa. Nilijiuliza, ni maji gani yananibatiza, haya au yale ya mtungini? Kwamba nimebatizwa, najua, swali hilo limekwisha. Ni kwa maji yapi, hilo anajua Mungu, na nimeona kwamba naweza kusali nikiwa sijui. Zamani nilidhani kutojua ni kuanguka.

Desemba ipo. Padre Mkuu ameuliza jambo moja nami nakupa kama alivyonipa: yule mama, je, hataki alichompa mjukuu wake? Muulize, baba. Usikae miaka mingine ishirini na saba.

Mwanao,
Petro Ochom


Angurai
3 Oktoba 1965

Mwanangu Petro,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi na mama yako tu wazima. Nyanya si mzima. Tangu Jumatano kifua kimembana, hali chakula tena, na padre yuko safarini vigango vya mbali. Omba ruhusa uje upesi.

Nilimuuliza juzi. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Umechelewa kama kawaida yako. Ndiyo."

Asubuhi ya leo pumzi ikawa fupi. Mama yako akasema, usimngoje padre. Nilikwenda chemchemi mwenyewe, sikumtuma mtu. Kata niliisugua kwa mchanga, nikaisuuza, nikainusa. Madirisha yote mawili niliyafungua mpaka jua likafika kitandani. Nikaonja maji. Nikaogopa kwamba ulimi unanidanganya, nikaonja tena. Nyanya akaniona, akanyoosha mkono, akaichukua kata, akanywa funda moja. "Ni maji, Emojong," akasema. "Mwaga."

Amelala sasa, anapumua. Ile mistari miwili uliyoiomba Machi leo naweza kuiandika, ingawa si juu yako. Yalikuwa maji. Yalitiririka kichwani.

Baba yako,
Emojong