Valvu Uliyoificha, Fundi

Fundi,

Miezi mitatu baada ya kukuzika, bomba lilipasuka chini ya soko la Kanyakine, na mimi mwanafunzi wako Makena sikujua pa kulifungia. Miaka sita nilikubebea spana. Kila nilipokuuliza valvu ya kufungia laini ya chini iko wapi, ulinijibu, "Utaijua siku ukiihitaji." Siku ikafika, wewe hukuwepo. Kufunga kule juu kwenye chanzo kungeikausha hata zahanati, kwa hiyo siku tisa maji yalimwagikia migomba ya jirani huku akina mama wakiteremka mtoni na mitungi.

Halafu maneno yakaanza. Kwenye mkutano wa mradi wa maji mwenyekiti akasema mbele ya mjane wako, Mama Kendi, "Valvu ile ni ya shaba, na shaba ni pesa. Si Mzee aliuzia tu watu wa vyuma chakavu?" Mama Kendi alifunga leso yake upya. Nami, Fundi... sikukutetea. Nilikumbuka ile redio mpya uliyonunua. Nisamehe.

Tukamwita mtu kutoka Embu mwenye mashine ya kutafuta metali. Ungeipenda! Ni fimbo yenye sahani chini. Sahani inapeleka nguvu ya sumaku ardhini, na metali yoyote iliyozikwa inaamka na kujibu. Lakini kwanza aliiinua na kuishusha pale pale mara nyingi. Kumbe udongo wetu mwekundu wenyewe una chembe za chuma, na lazima mashine iuzoee ndipo iupuuze. Nimeulima tangu utotoni, sikujua! Kisha akanionyesha: msumari ukakoroma, ufunguo wangu wa shaba ukaimba sauti nyembamba. Kila metali ina jibu lake, na namba inatokea kwenye kioo. Mabomba yetu ya plastiki haiyasikii kabisa. Nilibaki mdomo wazi. Wewe ulitafuta kwa kisigino tu, ukikanyaga na kusikiliza.

Tulizunguka asubuhi nzima tukipata vizibo vya soda, waya, kijiko. Chini ya ule mti ulipopenda kunywea uji, mashine ikakoroma kwa nguvu.

"Hii ni chuma tu," yule mtu akasema. "Hakuna shaba hapa. Twende mbele."

Mwenyekiti akacheka. Nikaanza kuchimba, kwa hasira zaidi kuliko kwa imani.

Likatokea jembe lisilo na mpini, limelazwa bapa. Mama Kendi akapiga yowe: "Jembe yangu! Si Mzee aliniambia iliibwa!" Tukalitoa, na sahani ikapita tena juu ya shimo. Fundi, ikaimba! Sauti ile ile ya ufunguo wangu, kutoka chini zaidi. Nywele zilinisimama. Mtu wa Embu akanieleza kwamba chuma kikubwa kikilala juu, kelele zake hufunika sauti ya shaba iliyo chini. Mwizi mwenye mashine kama yake angesikia takataka, akaenda zake. Nani alikufundisha hayo, wewe ambaye hata simu ulikuwa unaishika juu chini? Ndipo nikakumbuka mwaka ule wezi walipong'oa valvu zote za mradi wa jirani. Ulisema tu, "Zangu zimelala."

Tukachimba zaidi, valvu ikatokea, nikaizungusha kwa mikono yangu. Maji yakanyamaza kule chini sokoni, na jioni bomba lilikuwa limeungwa. Mwenyekiti alivua kofia akamwomba Mama Kendi msamaha mbele ya watu wote. Nami nilimwomba baadaye, jikoni kwake, tukiwa wawili. Nililia. Alinimiminia chai.

Hata hivyo umetusumbua, Mzee wangu, na nakwambia wazi. Akili kama ile haifai kuzikwa na mtu mmoja. Nakuahidi nitawaonyesha wengine wawili kila valvu, kabla hata hawajaniuliza.

Pumzika sasa. Jembe tumelirudisha juu ya shaba yako. Nilitaka kulilaza mimi, lakini Mama Kendi alininyang'anya, akapiga magoti, akalilaza mwenyewe.

Makena