Mfalme wa Japani na Mwiko wa Baba

Jumapili, Barking. Mvua tangu asubuhi, ile isiyo na haraka. Nimejifungia chumbani na soksi mbili mbili, nimeduwaa kwa sababu ya mtu ambaye sijawahi kukutana naye.

Shajara yangu, unanijua. Mie si wa kushangaa ovyo. Shule niliipa mgongo mapema nikaingia kwenye vani ya vifurushi, na mpaka leo hapa Barking hakuna anayeegesha kama mie. Wafalme hawanihusu. Hata hapa London wapo, na hawajanikaribisha chai hata siku moja.

Lakini leo nimemwona mfalme.

Baba alikuwa sebuleni anaangalia kipindi cha maisha ya mfalme mstaafu wa Japani. Kiingereza cha Baba ni cha sokoni, kinanunua vitunguu vizuri lakini kwa wafalme hakifiki, kwa hiyo akaniita nimfasirie. Kazi hiyo ni yangu tangu mdogo, na kila mtu nyumbani anajua kwamba habari ikipita kwangu hutoka na viungo.

Nikaanza. Kwamba baba yake huyu mfalme watu walimwona kama mungu, hata sauti yake raia hawakuijua mpaka siku aliposema redioni kwamba vita basi. Mtoto wakati huo yuko shule, kaondolewa mjini kwa ajili ya mabomu, karudi kaukuta mji majivu. Akakua, akampenda binti wa watu wa kawaida. Walikutana wakicheza tenisi.

"Tenisi," Baba akasema. "Sie na mama yako tulikutana kwenye foleni ya sukari."

Mara mfalme huyo kavaa buti za mpira, kainama kwenye tope ndani ya kasri, anapanda mpunga kwa mkono wake. Ni desturi yao, na wakati wa kuvuna anaushika mundu mwenyewe. Hapo Baba akasogea mbele ya kochi. Baba ni mpishi wa shughuli. Harusi ya Wapemba au Waunguja huku mashariki ya London ikikosa pilau yake, watu wataisema mwaka mzima.

"Mchele wao unashikana, haufai kwa pilau," akasema. "Lakini mfalme anayejua mchele, huyo namheshimu."

Kilichonimaliza mie ni kingine. Volkano imelipuka, watu wamekimbia makwao, wamelala sakafuni kwenye ukumbi wa michezo. Mfalme kaingia na mkewe. Nikangoja hotuba. Mtu kapiga magoti mbele ya bibi mmoja, anamtazama macho kwa macho. Mtoto wa yule ambaye watu hawakuthubutu kumkazia macho.

Kapiga magoti, bwana.

Nikasahau kufasiri. Baba akanipiga kiwiko. "Anasemaje?"

"Hasemi kitu, Baba. Anasikiliza."

Sasa hapa ndipo panapouma. Mkono wa kulia wa Baba unatetemeka, na nyumbani kwetu hausemwi. Wapishi wenzake wa hapa siku hizi wanafunika pilau kwa foili, basi. Baba bado anapalia, makaa ya moto juu ya mfuniko, nyuma ya ukumbi, kwenye baridi. Harusi iliyopita akiinua mfuniko mkono ukamsaliti, makaa yakaingia sufuriani. Niliyachopoa kabla mtu hajaona, na wageni wakasifu eti pilau ya leo inanukia moshi wa nyumbani. Nilicheka wiki nzima. Lakini makaa yale yangeweza kumwangukia mguuni, au kumwangukia mtoto, maana watoto hawabanduki pale. Na Jumamosi hii ni harusi ya binti wa Bi Mwanaisha, jirani yetu wa chini.

Nimetaka kumwambia anipe mwiko. Mie, na mdomo wote huu, nimeshindwa.

Televisheni ikasema kwa niaba yangu. Mfalme, kashapita themanini, kakaa mbele ya kamera anawaeleza watu wake kwamba mwili unachoka, anaogopa hataweza tena kuifanya kazi kwa nguvu zake zote. Kwao hakuna mfalme aliyekiachia kiti kwa karibu miaka mia mbili. Sheria haikuwa na mlango wa kutokea, ikabidi watunge nyingine kwa ajili yake.

Nilifasiri maneno kama yalivyo. Sikutia hata pilipili.

Baba akanigeukia. "Hayo umeyatunga wewe."

"Wallahi, Baba."

"Unautaka mwiko wangu, ndiyo unamsingizia mfalme wa watu."

Nikazima sauti, nikakisogeza kipindi mbele mpaka siku yenyewe ya kuachia. Mzee wa watu kavaa koti refu, anashuka jukwaani taratibu, anampa mkewe mkono kwenye ngazi. Karibu na mlango anasimama, anageuka, anawainamia wanaobaki. Halafu anatoka.

"Irudishe," Baba akasema. Nikairudisha. Akatazama tena, mkono wa kushoto umeushika wa kulia.

"Na sasa anafanya nini?"

"Samaki. Anachunguza samaki wadogo wadogo, tangu kijana. Mtaalamu wao."

"Ana bahati yake. Mie samaki sina."

Utani ulikuwa tayari mdomoni, nikaumeza. Nikajikuta nimeshuka kwenye kochi, nimekaa kwenye zulia mbele ya magoti yake. "Nani atanionjea chumvi, Baba? Mie najua kubeba sufuria tu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Leo ndiyo umesema kweli." Kisha, bila kunitazama: "Jumamosi utapalia wewe. Mie nitakaa kwenye kiti karibu na moto. Ukiunguza, nitawaambia sikujui."

Mwiko uko hapa, umeegemea kabati, unanifika kifuani. Kanipa kwa mikono miwili, nikaupokea kwa mikono miwili. Bingwa wa kuegesha vani naogopa wali.

Na Jumamosi, watu watakapoanza kuisifu pilau na mie kichwa kinavimba kama kawaida yangu, nitakumbuka kugeuka, nimwinamie aliyekaa kwenye kiti?