Mitungi Mitupu Irudi

Jumatatu, 10 Machi

Dukani, Migori. Stima imerudi saa nne. Nimefungua printa ya mwalimu, nikatoa mende wawili na kipande cha chaki. Nimebadilisha kioo cha simu. Nimemfokea mteja asiye na kosa. Watu wanaingia kunipa pole, nami nawajibu asante kama mtu aliyekanyagwa kidole tu.

Mama atazikwa Jumapili, nyumbani Rangwe. Majirani wengi huzika Jumamosi. Sisi ni Wasabato, hatuziki Sabato.

Dada yangu Akoth hawezi kuja. Yuko nchi za Ghuba, anafanya kazi za nyumba, na pasipoti yake iko kabatini mwa madam wake. Yeye ndiye kifungua mimba. Katika boma letu kifungua mimba husema neno mbele ya jeneza kabla halijafungwa. Akikosa, hakuna anayesema badala yake. Nafasi inaachwa kimya, na kila mtu anausikia huo ukimya.

Baba mdogo Ouma, ndugu ya marehemu baba, alitaka tukodi vijana wa video wenye ile ndege ndogo ya kupiga picha. Nikasimama mbele ya ukoo mzima nikasema mama si mechi ya mpira. Nitarusha mazishi mwenyewe, moja kwa moja hadi kwenye simu ya Akoth. Kamera ninayo, kompyuta ninayo, programu nimeiandika kwa mkono wangu. Mdomo huu!

Leo nimeijaribu. Picha ina michirizi ya kijani. Ikaenda hivyo hivyo muda wa kuchemsha chai, kisha ikaganda. Nikaanza upya. Ikaganda tena.

Sijalia bado. Nimeikasirikia kompyuta. Hiyo ni rahisi zaidi.

Jumanne, 11 Machi

Naandika ili kichwa kitulie.

Programu yangu haiigusi kamera. Hairuhusiwi. Ni kama maduka ya kwetu yenye wavu wa chuma: huingii ndani, unasimama nje na kuomba kwenye kidirisha. Kidirisha hicho kwenye mfumo wangu kinaitwa video0. Nyuma yake amekaa draiva, programu ndogo ya mfumo, na yeye peke yake ndiye anayejua lugha ya kamera. Programu inauliza: wewe ni nani? Unaweza kufanya nini? Una picha za aina gani, ukubwa gani? Draiva anajibu yote. Halafu programu inasema, basi nipe ukubwa huu.

Hapa ndipo nilipojikwaa. Ukiomba ukubwa asio nao, draiva hakukatalii. Anakupa ulio karibu na huo, na anakuambia amekupa upi. Mimi jibu sikulisoma. Nilichukua picha ndogo nikaipanga kama kubwa, ndiyo maana ikawa na michirizi. Ni kama kuomba kilo ya sukari, ukaambiwa ipo nusu, ukaondoka na mfuko bila kusikia.

Mama alizoea kusema juu yangu, Atieno huuliza swali akiwa tayari amefika mlangoni.

Nimerekebisha. Michirizi imekwisha. Kuganda kuko pale pale.

Jumatano, 12 Machi

Nimefunga duka. Gari hadi Rodi, boda hadi nyumbani, halafu Homa Bay na Waya Perez, dada ya baba, kupeleka nguo mochari. Gauni la buluu. Kitambaa cheupe cha kichwa, kile alichovaa kanisani na kina mama wenzake.

Waya alitaka niingie. Niliingia. Nikatoka.

Nje upepo wa ziwa ulileta harufu ya omena wa kukaanga, nikasikia njaa. Nikajichukia kwa kusikia njaa.

Tumerudi Rangwe, nimetandaza vitu vyangu kwenye meza ya mama. Nimebadilisha kebo. Nimeulaumu mtandao. Lakini picha inaganda hata kwenye skrini yangu, kabla haijafika kwenye mtandao wowote. Kwa hiyo ugonjwa uko hapa hapa, kati ya programu yangu na draiva. Siwezi kumsingizia mtu.

Baba mdogo amepita mara tatu. Ya tatu akasimama nyuma yangu, akaniita binti yangu kwa Kijaluo.

"Nyara, hii kitu yako itashika kweli? Vijana wa video bado wako free Jumapili."

"Itashika, Baba mdogo."

Nimesema hivyo bila kugeuka. Kama ningegeuka angeona uso.

Alhamisi, 13 Machi

Jaribio na Akoth mwenyewe. Alijifungia bafuni kwa madam, akanong'ona. Nilimwonyesha boma, mwembe uliokatwa, mahali watakapochimba. Picha ikaganda kwenye makalio ya ng'ombe. Akacheka. Nikamsikia akicheka kwa sauti ile ya utotoni, halafu kicheko kikageuka.

"Nyaminwa," akasema, neno letu la dada, "Jumapili usinigandishie mama."

Nimeapa. Sijui nimeapa kwa kitu gani.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya maandalio. Kila kitu lazima kiishe kabla jua halijatua: kuni, kufagia, kupika cha kesho, maji. Maji ya leo hadi Jumapili, kwa watu wote wa mazishi.

Mwenye boda alikuwa anachota kwenye kisima cha shule. Anapeleka mitungi mitupu, anarudi na iliyojaa. Mitungi ni michache, tumeazima kwa jirani. Mambo yakaenda vizuri asubuhi. Mchana boda ikasimama. Nikatumwa kisimani kuuliza. Nikamkuta amekaa juu ya pikipiki anakula muwa, maji yanamwagika kwenye bomba bure.

"Mtungi hakuna, sister. Mimi nitabeba maji na mdomo?"

Nikarudi mbio. Mitungi yote iko nyumbani mwa mama, chumba cha ndani, imejaa, imepangwa ukutani, na Waya Perez amekaa mlangoni na ufunguo mfukoni. Hataki imiminwe kwenye mapipa. Anasema watu wa mazishi hufuja maji, yataisha kabla mama hajazikwa, tutaaibika. Kina mama wakambembeleza. Akakataa. Macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani hakuwa analinda maji.

Nilisimama pale nikasahau nilichotumwa.

Ndiyo programu yangu. Ndiyo kabisa!

Picha hazitoki kwa draiva zikielea hewani. Programu humkabidhi draiva vyombo vitupu, tunaviita bafa. Mimi nimempa vinne. Anajaza kimoja, anakitoa dirishani. Programu inakichukua, inatumia picha, inarudisha chombo kitupu. Kisiporudi, draiva hana pa kumimina. Kamera inaona, draiva yuko macho, hakuna kilichoharibika. Mitungi tu ndiyo haipo.

Na mimi sirudishi kwa wakati. Kila picha naishikilia mpaka iandikwe kwenye diski, kwa sababu nataka kuhifadhi yote. Kila fremu ya mama. Tundu la kadi ya kamera lilikufa zamani, kwa hiyo nahifadhi kwenye kompyuta hii, na diski yake ni kongwe, inakwama kama punda. Ikikwama, vyombo vyote vinne viko mikononi mwangu.

Nilikimbilia mezani. Waya akaniona. Akatazama nje, jua limegusa miti ya kwa Ouma.

"Atieno. Funga hiyo. Tunafungua Sabato."

Nimefunga. Jibu ninalo na siwezi kuligusa. Afadhali ningekuwa sijui.

Mwisho kina mama walimwondolea Waya ufunguo kwa kumkumbatia. Kina mama wanne kwa mpigo. Maji yakamiminwa. Boda ikaunguruma.

Jumamosi, 15 Machi

Kuandika shajara si kazi. Nimeamua hivyo bila kumuuliza mchungaji.

Kanisani sikusikia mahubiri. Vidole vilikuwa vinaandika msimbo wa programu kwenye jalada la kitabu cha nyimbo. Waya akavifunika kwa mkono wake, akaacha mkono pale mpaka ombi la mwisho. Mkono mzito, una joto. Sikuutoa.

Mchana mrefu kupita kiasi. Nimekwenda shimoni, nimerudi. Nimekwenda tena. Vijana walichimba nusu jana, watamaliza kesho alfajiri. Udongo ni mwekundu kama sehemu zote za huku, sijui nilitegemea nini.

Tumefunga Sabato kwa wimbo. Amina haijaisha mdomoni mwa watu, nikafungua kompyuta.

Nikabadilisha: chukua picha, nakili, rudisha chombo papo hapo. Nakala zisubiri diski kwa nafasi yake. Ikaenda! Ikaenda, nikapiga meza. Halafu nakala zikarundikana, kumbukumbu ya kompyuta ikajaa, mfumo ukaizima programu bila hata kuniaga. Nikapunguza ukubwa. Nikahifadhi moja kati ya kumi. Diski ikikwama, kila kitu kinasuasua nayo. Ningekuwa na wiki moja ningepata njia. Sina wiki. Mama anakuja asubuhi.

Nikakaa. Ama kurusha ama kuhifadhi. Mashine hii haiwezi yote mawili.

Simu za watu zitarekodi, najua. Zitarekodi migongo ya watu. Mimi nilitaka uso. Nilitaka nikiwa Migori, siku ya mvua bila mteja, niufungue niutazame. Nilitaka kuwa na kitu. Hapo ndipo nilipolia, mwishowe, mbele ya wapishi, na kamasi ikadondokea kibodi.

Nimefuta sehemu yote ya kuhifadhi. Nimejaribu na simu ya Waya jikoni. Maharage yameiva kabisa, picha bado inatembea.

Jumapili, 16 Machi

Gari la mochari liliingia boma na vilio. Mawingu upande wa ziwa. Mchungaji anatazama mawingu, anatazama saa, anaruka mistari ya hotuba. Baba mdogo anamwambia aharakishe zaidi.

Jeneza likafunguliwa. Niliweka kamera karibu. Programu ikauliza, draiva akajibu, nikasoma jibu. Akoth akatokea kwenye skrini, nguo ya kazi, kitambaa cha kazi kichwani. Madam amemruhusu kukaa na simu kidogo. Spika ya kanisa ikakoroma.

Akoth hakuanza. Nikadhani imeganda. Nikatazama vyombo: vinajaa, vinarudi, vinajaa. Haikuganda. Alikuwa anatazama tu.

Kisha akasema, kwa Kijaluo, sauti ikatoka kwenye spika juu ya vichwa vyetu: kitambaa cha mama kimekaa vibaya. Mama hakukivaa hivyo. Fundo liende nyuma ya sikio la kushoto.

Mchungaji akafunga Biblia kwenye kidole. Waya Perez akasimama, akaenda kwenye jeneza, akafungua fundo. Akoth akamwongoza: zaidi, Waya, zaidi. Hapo. Waya akaweka kiganja shavuni mwa mama, akatazama kamera, akangoja kuambiwa. Akoth akasema, sasa ni yeye.

Ndiyo ilikuwa hotuba yake. Alijaribu kuongeza neno, hakuweza, akasema tu, "Oriti, Mama." Kwaheri. Watu wote wakaitikia.

Baba mdogo alivua kofia.

Jeneza lilipofungwa nikasikia sauti ya mwanamke nyuma ya Akoth, lugha nisiyoijua. Akageuka. Akaniambia haraka, naitwa. Skrini ikawa nyeusi. Bado hatujaanza kushusha. Hajaona kaburi, hajaona udongo, na mimi sina pa kuhifadhi hata picha moja.

Nilisimama na kamera inayotazama na hakuna mtu upande wa pili. Niliona uchungu mkali, kama wa kuibiwa. Kisha nikaizima, nikaiweka juu ya kiti cha plastiki, nikaenda kwenye udongo. Nikautwaa kwa mikono miwili. Ulikuwa na unyevu. Nikatupa.

Mvua ilitungoja tumalize. Ilituangukia tukiwa kwenye wali.

Jumatano, 19 Machi

Migori. Duka limefunguliwa. Mwalimu amechukua printa yake.

Baba mdogo amepiga simu, anataka video ya mazishi awape watu wa Mbita ambao hawakufika. Nimemwambia haipo. Akasema sawa, nyara, basi nitawaambia ile ya kitambaa.

Akoth hupiga wakati madam amelala mchana. Kila siku ananiuliza kitu kimoja. Juzi, nani alitupa udongo wa kwanza. Jana, kama jeneza liligonga ukuta likishuka. Namweleza polepole. Nilikuwa karibu, niliona yote. Waya alitupa udongo, akabaki ameshika uliobaki, hataki kukunjua kiganja, tukamwacha. Ng'ombe walifungwa kwa Ouma. Fundo nyuma ya sikio la kushoto halikulegea.

Leo ameuliza udongo ulikuwaje. Nikamwambia ulikuwa baridi kidogo, na mzito kuliko unavyodhani.